Kombi Iliyoibia Mtihani

Sydenham, Durban

Baba yangu, shikamoo.

Kuna sauti moja imekaa masikioni mwangu wiki hizi zote, na wewe ndiye mtu niliyetaka kumwambia kwanza, ingawa najua masikio yako yameanza kuchoka. Ni sauti ya injini ya dizeli ikijituliza yenyewe. Hakuna aliyeipunguzia mafuta, haikukwama, haikuzimika. Ilikuwa ikinguruma kama kila siku, kisha ikalainika, kama darasa lenye kelele linapoona kivuli cha mwalimu mkuu kikipita dirishani. Nilikuwa nimesimama karibu nayo kiasi cha kuhisi joto lake miguuni. Nilijua papo hapo kwamba nimesikia kitu ambacho wewe, kwa maisha yako yote ya mashine, umeniambia hakipo.

Nitafika huko. Kwanza nipe hali yako. Mdogo wangu Sabina ameniambia kwamba siku hizi unaweka kiganja juu ya mashine ya kusaga ili ujue kama mkanda umelegea, kwa kuwa husikii tena. Alinisimulia akicheka, nami nikacheka naye, kisha nikabaki nimekaa nikiangalia kiganja changu mwenyewe. Goti lako linasemaje na baridi ya Kasulu? Mama bado anakuficha chumvi? Mimi mwili hauna neno. Nafundisha hesabu shule ile ile ya Overport, nakwenda kwa miguu asubuhi, narudi kwa miguu jioni, na watoto wa hapa wamenizoea hata wananiigiza ninavyotamka namba. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu zetu zimekuwa mchezo: mimi napaza sauti, Sabina anarudia, wewe unajibu swali la wiki iliyopita. Karatasi utaisoma kwa mwendo wako, kibarazani, na miwani yako. Ataileta ndugu mmoja wa Kibondo anayerudi nyumbani kwa mabasi.

Katika nyumba hii tunayopanga wote ni wazima, ila mmoja, na habari yangu inaanzia kwake.

Unamkumbuka Mama Furaha, yule Mrundi wa chumba cha mbele, ambaye Kirundi chake na Kiha chetu vinaelewana hata siku ambazo sisi wenyewe tumenuna. Binti yake, Furaha, ana miaka sita na kifua cha pumu. Mama Furaha anauza mitumba mjini pamoja na wanawake wengine wanne wa kanisa lake, Warundi na Wakongo. Mkubwa wao ni Mama Chantal wa Uvira, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Kwa muda mrefu walikodi gari la kubebea marobota, na gari la kukodi huja linapotaka. Basi wakacheza upatu, ambao Wakongo wanauita likilimba, mpaka wakaweza kununua kombi ya dizeli iliyokwisha kutumika.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Hati zao ni za ukimbizi, zinakwisha kila wakati na kuhuishwa kwa foleni, na kila walipokwenda ofisi ya magari walirudishwa. Mimi nina pasipoti yenye viza ya ualimu. Wakaniomba jina. Sikutoa hata randi moja, na kuendesha gari sijui, lakini kwenye kadi ya kombi ile mwenye gari ni mimi, mwanao. Hapa si jambo la ajabu. Katika kila ua wa watu wetu utakuta kitu cha mmoja kimeandikwa jina la mwingine: nyumba, simu, gari. Mwenye karatasi nzuri huwakopesha wenzake karatasi, kama jirani anavyokopesha kinu.

"Yusta, kuanzia leo weye njo patron," Mama Chantal aliniambia tulipotoka ofisini; njo yao ni ndiye yetu, na patron ni bosi. "Mutu akiuliza, patron ni weye. Lakini usukani usiguse, utatuua."

Namna walivyoichagua kombi yenyewe ni lazima nikueleze vizuri, maana kila kitu kinarudi pale. Muuzaji alikuwa na uwanja wa magari kule Queensburgh. Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na kibandiko cha kampuni iliyoitengeneza, chenye picha ya jani la kijani, kinachosema kwamba dizeli ya aina hii ni safi. Mama Furaha ndiye aliyeuliza habari ya moshi, kwa sababu ya mtoto. Muuzaji akasema hii haina moshi, akagonga kibandiko kwa kidole. Lakini wanawake wa mitumba hawaamini mdomo, wala hawaamini picha. Wanaamini kitambaa. Wamelea watoto kwa kuvuta nguo kutoka kwenye robota na kujua kwa vidole ipi itachuja rangi na ipi itakaa. Mama Chantal akatoa begini foronya nyeupe, mpya, akaivisha mdomo wa bomba la moshi, akamwamuru shemeji yake, Papa Gedeon, ambaye ndiye dereva wao, akanyage mafuta.

Akakanyaga. Foronya ikatuna kama tumbo la mjamzito. Walipoivua ilikuwa nyeupe vile vile, ina joto kidogo tu. Mama Furaha akainusa, akaikunja, akasema, "Mungu ni mwema." Kombi ikanunuliwa siku ile ile. Na foronya ile hakuirudisha kwa Mama Chantal. Aliifua akaivisha mto wa Furaha.

Ua wa nyumba yetu ni mwembamba, una geti, na gari likilala nje ya geti hapa huamka halina betri. Kwa hiyo kombi ililala uani, chini ya dirisha la chumba cha mbele. Mama Furaha mwenyewe ndiye aliyetaka ilale kwake. "Ni gari safi," alisema, "na nikiisikia nitajua kama mwizi amekuja." Kila asubuhi Papa Gedeon aliiwasha ipate moto huku wao wakipakia marobota, na mtoto amelala, dirisha wazi, kwa sababu joto la Durban lina unyevu na chumba kikifungwa kinakuwa kama sufuria.

Kifua cha Furaha kilizidi. Sitakudanganya, Baba, nikasema kilizidi kwa sababu ya kombi. Nimesoma hesabu kiasi cha kujua kwamba mtoto mmoja hathibitishi kitu. Alikuwa na pumu kabla, nyumba ina ukungu ukutani, na upepo ukitoka upande wa viwanda sote tunakohoa. Lakini mwaka huu nimejifunza kumsikiliza akipumua kupitia ukuta kama wewe unavyosikiliza beringi.

Kisha habari ikatoka kwamba magari ya dizeli ya kampuni ile yana ujanja ndani yake. Nitakueleza kama nilivyoelewa. Gari la siku hizi lina kompyuta inayoongoza injini. Ndani ya kompyuta hiyo watengenezaji waliweka maagizo ya siri: gari litambue linapopimwa na serikali. Linapopimwa usukani haugeuki, na mwendo unapanda na kushuka kwa utaratibu ule ule wa siku zote. Likiona dalili hizo, linajisafisha, linatoa hewa nzuri, linafaulu. Likirudi barabarani linaacha usafi wote ili lipate nguvu, na linatema sumu isiyo na rangi, ambayo haichafui kitambaa. Ndiyo sababu foronya ilitoka nyeupe. Masizi yanakamatwa na chujio, lakini hii nyingine ni hewa tu. Wanawake wale hawakukosea kupima. Walipima kwa kipimo chao, nayo sumu ilikuwa imepita pembeni yake.

Kwa lugha ya kazi yangu, gari liliibia mtihani.

Wakili mmoja mwanamke, mwenye ofisi juu ya duka la mapazia hapa Overport, anakusanya wenye magari ya aina hiyo wadai fidia. Aliomba baadhi yetu tupeleke magari karakana, upande wa Pinetown, yapimwe kwa njia mbili. Nilikwenda na Papa Gedeon, maana mwenye gari lazima awepo. Fundi alipandisha magurudumu juu ya roli za chuma zinazozunguka, gari likimbie bila kwenda popote, akaingiza mrija wa kipimo kwenye bomba la moshi. Kombi ikaanza kunguruma kwa sauti tunayoijua, ile inayotuamsha. Baada ya muda mfupi ndipo ikalainika.

"Umesikia?" fundi akaniuliza. "Hapo imejua."

Papa Gedeon alikuwa ameshika kofia yake kifuani kama mtu aliye msibani. "Imejua nini?"

"Imejua inaangaliwa, baba."

Kisha wakafunga kipimo kingine nyuma, tukatoka nayo barabarani, tukapanda mlima na kushuka. Tulipofika kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, fundi akanionyesha kioo cha kipimo. Namba ya karakana, ukiiweka kando ya ile ya barabarani, ilikuwa kama utani. Papa Gedeon aliitazama akarudisha macho barabarani. Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, yeye bado amekaa.

"Kila siku niko nayo," alisema mwishowe. "Niliisifu hata mbele ya bibi yangu wa ndoa. Kumbe ni mwanamke wa mutu mwingine." Halafu, akiingiza gia, "Lakini mlima inapanda, Mwalimu. Hiyo tusiisingizie."

Baba, ulinilea na sentensi moja. Mteja akilalamika kwamba unga wake umepungua, ulikuwa unasema, "Mashine haidanganyi, mama. Anayedanganya ni mkono." Nimeishi nayo sentensi hiyo kama wengine wanavyoishi na zaburi. Nikiwa njiani kurudi niliwaza kwamba imekufa, kwamba siku hizi hata mashine inadanganya. Kisha nikaona bado ni nzima. Mahali fulani kuna mtu aliyekaa mezani, amesoma hesabu kama mimi, pengine vizuri kuliko mimi, akaandika: kama usukani haugeuki, na kama mwendo uko hivi, basi uwe mwema. Ni sentensi fupi. Ningeweza kuiandika mimi. Hilo lilinisumbua kuliko sumu yenyewe, kwamba elimu iliyonitoa Kasulu ndiyo hiyo hiyo iliyokaa kwenye tumbo la kombi ikisikiliza kama kuna mtu anaitazama.

Sasa fidia. Wakili alitueleza njia tatu. Ya kwanza, mwenye gari akubali ofa ya kampuni: kompyuta irekebishwe, apewe kiasi cha kumpoza, asaini kwamba hana dai lingine milele. Ya pili, arudishe gari alipwe thamani yake ya leo, ambayo ni thamani ya gari kuukuu. Ya tatu, akatae yote, aingie mahakamani na wenzake, na asubiri bila kujua mwisho. Kwa njia yoyote kati ya hizo anatakiwa kula kiapo kwamba gari ni lake, alilinunua kwa fedha yake, na alilinunua kwa kuamini ile ahadi ya usafi.

Jumapili baada ya kanisa tulikusanyika chumbani kwa Mama Chantal, humu humu nyumbani, wanawake wote watano, Papa Gedeon na mimi. Kulikuwa na fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu, na hakuna aliyevigusa mpaka maneno yaishe, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Njia ya kwanza," alisema Mama Chantal. "Batupatie kile kidogo, tuendelee na kazi. Mahakama ni ya batu ya mapumziko."

"Wakirekebisha kompyuta nguvu inapungua," Papa Gedeon akasema. "Na marobota ndani, ule mlima tutapanda kwa maombi."

"Tutaomba basi. Si tuko Wakristo?" Wakacheka. Akanigeukia. "Yusta, kesho unaenda kuapa, sivyo?"

Nikasema kiapo kinataka niseme nilinunua kwa fedha yangu.

"Sema."

"Si kweli, Mama Chantal."

"Nani anakuuliza kweli? Anakuuliza karatasi. Karatasi inasema Yusta."

Mama Furaha alikuwa amekaa karibu na mlango. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake, na kila mtu aliyenyamaza alimsikia anavyopumua. Akauliza polepole, "Na huyu? Katika hizo njia tatu, huyu anahesabiwa wapi?"

Wote wakanitazama mimi, kama kwamba nilizitunga mimi. Nilikuwa nimemuuliza wakili swali hilo hilo. Alinijibu kwamba fidia hii ni ya wenye magari: inapima bei ya gari uliyoambiwa na bei ya gari uliyopata, na tofauti yake ndiyo jeraha. Aliyevuta hewa si mwenye gari. Anaweza kufungua kesi yake mwenyewe, lakini hapo lazima athibitishe kwamba ni hewa ya gari hili, wala si la jirani, wala si ya viwanda.

"Hahesabiwi," nikasema.

Mama Chantal akashika kichwa. Si mtu mbaya, Baba, usimfikirie hivyo. Alisema, "Mama Furaha, ile pesa ikikuja tutamutolea mutoto sehemu yake ya kwanza. Njo vile."

"Sikuuliza pesa," Mama Furaha alijibu. Akamnyanyua mtoto, akaenda chumbani kwake, na tukasikia dirisha likifungwa, katika joto lile.

Siku mbili zilizofuata shuleni kulikuwa na mitihani, na kazi yangu ilikuwa kusimamia, kwa hiyo kiapo nikakiahirisha. Unapita kati ya madawati, na kila unapopita mgongo mmoja unanyooka, jicho moja linarudi kwenye karatasi yake. Huwa napenda utulivu ule. Safari hii niliutazama nikaona ni ule ule wa karakana. Wengi wao ni watoto waaminifu, lakini hata mwaminifu akijua anatazamwa hubadilika kidogo. Mimi pia. Nikiongea na Mama kwenye simu, kabla sijabonyeza namba husafisha koo na kutafuta sauti yangu ya Kasulu, sauti isiyochoka. Labda kila aliye mbali na kwao ana sauti ya roli na sauti ya barabara. Sioni kama hiyo ni dhambi. Lakini kiapo ni kitu kingine. Nilikuwa natakiwa kusimama mbele ya kipimo, nijisafishe kwa dakika chache, nifaulu, ili nimshtaki yule aliyeifundisha kombi kufanya hivyo hivyo.

Niliwaambia kabla ya kufanya lolote kwamba nitaapa ukweli, na majina yao nitayataja. Sikutaka wasikie kwa wakili. Mama Chantal alikuwa anapanga suruali za watoto kwa ukubwa, hakuinua kichwa.

"Tulikuomba jina," alisema. "Roho yako hatukuiomba."

"Vinakwenda pamoja, Mama Chantal."

"Kwako weye vinakwenda pamoja. Uko na viza, unaweza kukula ukweli asubuhi na mangaribi. Sisi tutakula nini?"

Ana haki. Ukweli wangu ulikuwa unaweza kuwanyima wao fidia yote, maana wakili alikuwa ameshaniambia kwamba kampuni inaweza kusema hakuna mwenye gari hapa: mimi kwa kuwa sikulipa, wao kwa kuwa hawakuandikwa. Anayesema kweli na anayegharimika si mtu mmoja, na hilo halikuwamo katika sentensi yako, Baba. Nimeligeuza pande zote. Mwisho nikaona kwamba uongo nao ungekuwa na gharama yake: siku kampuni ikichimba ikaona mikono ya nani ilitoa fedha, wote tungeitwa matapeli, na foronya isingemsaidia mtu. Lakini sitaki kujipamba. Nisingeweza kuapa hata kama ningehakikishiwa kwamba hakuna atakayechimba.

Mama Chantal hakunisemesha tena mpaka Alhamisi. Asubuhi hiyo, nikiwa nafunga viatu, aliweka juu ya meza mfuko wa plastiki wenye nakala za hati za wote watano.

"Kama unatuandika," alisema, "mimi nitangulie. Njo mimi nilileta foronya."

Nikaenda kwa wakili. Nikaapa kwamba kombi imeandikwa jina langu, kwamba imenunuliwa na wanawake watano kwa fedha ya upatu wao, na kwamba waliiamini ahadi ya usafi baada ya kuipima kwa kitambaa, kwa sababu kitambaa ndicho wanachokijua. Majina yao nikayataja yote, la Mama Chantal likitangulia. Wakili akaniruhusu pia nieleze mahali kombi inapolala na nani analala karibu nayo, ingawa alisema sehemu hiyo haitaongeza kitu. Akavua miwani, akafikicha macho. Alisema huenda nimewaharibia, na huenda nimewafungulia mlango, kwa sababu si sisi peke yetu wenye gari la watu wengi na jina la mmoja, na hakuna aliyekuwa amethubutu kulisema.

Kisha akauliza, "Hiyo foronya bado ipo?"

"Ipo. Mtoto anailalia."

Alivaa tena miwani yake. Halafu akaniomba niilete. Mama Furaha aliivua kwenye mto wa mtoto, akaipiga pasi kwanza, akanipa. Sasa iko kwenye bahasha ofisini kule, nyeupe, haina hata doa, nayo ndiyo shahidi wetu. Haionyeshi sumu. Inaonyesha jinsi tulivyoamini.

Jibu la kampuni bado hatuna. Kombi bado inafanya kazi, kwa sababu marobota hayajibebi.

Kabla sijamaliza nikuulize jambo, na usilichukue kama mtoto anayemfundisha baba yake. Bomba la moshi la mashine yako bado linatokea dirisha la nyuma, pale wanawake wanapokaa kusubiri unga na watoto mgongoni? Najua mashine yako haina kompyuta, haijui kama unaigusa au huigusi, na kwa hilo naipenda. Lakini hewa ni hewa. Mwombe fundi Yohana alirefushe bomba lipite juu ya bati. Sabina atanijulisha likishapandishwa, kwa hiyo usimwagize aseme limepandishwa kabla halijapanda.

Nisalimie Mama, umwambie kitenge alichonitumia ndicho nilichovaa siku ya kiapo. Msalimie Sabina, masikio yetu sote. Msalimie shangazi wa Heru Juu, na babu mlinzi wa mashine ambaye bado ananiita Kadogo. Mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari, ukimwona sokoni, mwambie bado najaribu kuonyesha njia, si jibu tu.

La mwisho nimelichelewesha kwa sababu nilijua utauliza, "Na mtoto je?" Tulijaribu kuisukuma kombi mpaka barabarani kabla ya kuiwasha, lakini ua wetu unateremkia ndani, na gari lenye marobota halisukumiki na wanawake sita na mzee mmoja anayecheka. Kuilaza nje hawawezi. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, kinatazama bustani ya jirani, na upepo wake unatoka kwenye majani. Jumamosi, Mama Furaha akiwa sokoni, nilimwomba Papa Gedeon anisaidie. Tukabeba kitanda changu na vitabu vyangu tukaviweka mbele, na kitanda chao na vyombo vyao tukavipeleka nyuma. Mama Furaha aliporudi alisimama mlangoni na mzigo wake kichwani, akaniambia kwa Kirundi kwamba nimekosa adabu, chumba cha mtu hakihamishwi. Nilimjibu kwa Kiha kwamba mpaka mahakama iseme vingine, mwenye kombi kwa karatasi ni mimi, na mwenye kombi ndiye mwenye moshi wake. Kisha akashusha mzigo, akaenda nyuma kutandika.

Asubuhi ya leo kombi imewashwa chini ya dirisha langu. Nilifunga dirisha, nikangoja itoke getini, nikalifungua tena.

Binti yako,
Yusta